Sayansi Ilipita Uani Kwetu

Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, maabara ya shule yetu ya sekondari pale Kasulu iligeuka bunge. Maabara yenyewe ilikuwa maabara kwa jina tu: meza mbili ndefu, bomba lisilotoa maji, na darubini moja ambayo tuliruhusiwa kuitazama lakini si kutazama ndani yake. Klabu yetu ya sayansi ilikuwa na sheria moja. Kila mwanachama alete ugunduzi mmoja mpya, aueleze kwa maneno ambayo hata mpishi wa shule angeyaelewa, kisha asimame ajibu maswali. Ukishindwa, fagio linakungoja mlangoni.

Basi tulileta makubwa, bwana! Mmoja alikuja na ile picha ya shimo jeusi iliyotolewa Aprili 2019, mduara wa moto katikati ya kundi la nyota liitwalo M87. Mwingine alitueleza mkasi wa kukata jeni, ule uliowapa akina Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Tulikaa vinywa wazi. Hakuna aliyejali kwamba nje mvua inanyesha na ng'ambo ya barabara kuna mama anakimbilia kuanua maharage yake.

Siku moja binti mmoja wa kidato cha pili, mpole kuliko sote, akainua mkono. "Haya yote ni ya Marekani na Ulaya. Hapa kwetu je, kuna kitu kimewahi kugunduliwa?"

Mwalimu mmoja alikuwa anapita kuelekea ofisini. Akachungulia dirishani, akacheka. "Hapa Kasulu? Hapa kuna maharage na barabara mbovu." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Yule binti akaketi. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Nimeukumbuka mno ule mkono uliotelemka. Ndugu msomaji, pengine umeshasikia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto, aliona kwamba mchanganyiko wake wa aisikrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Akauliza. Akaambiwa amechanganyikiwa, na baadaye alipong'ang'ania akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya walimwengu. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akalirudia swali lake mbele ya Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka tena. Osborne hakucheka, alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha makala wawili hao, mwanafunzi na profesa. Hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, na jina wanalobishana nalo ni la kijana wa Kitanzania aliyependa aisikrimu.

Lakini sisi hatukuwa na Osborne. Mimi nilikuwa na bibi.

Bibi yangu anaishi Kibondo. Likizo ile nilimfikishia lile swali la yule binti, nikilisema kama mzaha. Hakucheka hata kidogo. Alikuwa anapepeta mtama, akauweka ungo chini. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "mimi nilizaliwa ndani ya makazi ya malale. Tangu nina akili walikuwa wananitoboa kidole. Damu wanaipaka kwenye kioo, kioo wanaondoka nacho. Sijawahi kuambiwa walichokiona. Wewe uliyesoma, niambie. Damu yangu walikwenda nayo wapi?"

Nilikuwa kidato cha tatu, na sikuwa na jibu. Nililipata kwa vipande vipande miaka ya baadaye, Dar es Salaam, katika maktaba na katika makala za kisayansi ambazo lugha yake inauma kuliko mbung'o mwenyewe. Haya ndiyo niliyokusanya.

Malale ni ugonjwa unaoletwa na kijidudu cha chembe moja kiitwacho tripanosoma. Kimebebwa na mbung'o. Mtu huanza na homa na maumivu ya viungo, kijidudu kikitapakaa katika damu. Kisha kikiingia ubongoni mgonjwa huanza kubadilika, analala mchana, usiku anatangatanga, anaongea asiyoyajua, mwisho anafariki. Kuna aina mbili zinazomshika binadamu. Ile ya magharibi mwa Afrika huenda polepole, miaka hata miwili au mitatu. Ya kwetu huku mashariki, iitwayo rhodesiense, haina subira. Inaweza kumaliza mtu kwa miezi michache.

Ugonjwa huu ndio ulioleta wanasayansi wakubwa wa Ulaya katika maziwa yetu. Mwanzoni mwa karne iliyopita ulifyeka watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Aldo Castellani, Mwitaliano, akakiona kijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba mbebaji ni mbung'o. Robert Koch mwenyewe, yule wa kifua kikuu, alipiga kambi visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907 akiwachoma wagonjwa sindano za Atoxyl, dawa ya aseniki. Baadhi walipata nafuu. Baadhi walipofuka macho. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, akabaki upande wetu uliotawaliwa na Wajerumani, na mwaka 1909 akagundua jambo ambalo watu walikuwa hawalijui: mbung'o si sindano chafu tu. Akinywa damu yenye vijidudu, vijidudu hivyo hukua na kubadilika tumboni mwake, na baada ya siku kama 20 ndipo anapokuwa hatari, na hatari hiyo hubaki naye maisha yake yote.

Ugunduzi huo ulifanyika katika nchi hii, msomaji. Sijui kwa nini hatukuusoma shuleni. Tulichora mbung'o, tukaandika majina ya sehemu zake, tukapewa alama.

Sasa tufike Buha. Mwaka 1933 serikali ya Kiingereza ilianza kuwahamisha watu katika nchi ya Waha kwa sababu ya malale. Fikra yake ilikuwa hivi: mbung'o hukaa porini, tena wa aina hii hupenda miombo. Mtu anayeishi peke yake na familia yake katikati ya pori ni chakula cha mbung'o. Hauwezi kulifyeka pori lote la Tanganyika, lakini unaweza kuwakusanya watu mahali pamoja, wawe wengi kiasi cha kufyeka eneo lao, wakalilima, wakalizuia lisirudi. Mtaalamu aliyeusimamia mpango huu katika Tanganyika alikuwa daktari aliyeitwa George Maclean. Kwenye ramani ulipendeza.

Katika maisha, ulikuwa amri. Bibi anasimulia alivyosimuliwa na mama yake: migomba iliyokuwa imeanza kuzaa ikaachwa, makaburi yakaachwa, watu wakatembea na mbuzi wao na vyungu vyao hadi mahali palipowekewa alama. Majirani wapya ni watu usiowajua. Ardhi mpya haijui mbegu zako. "Walisema tunakimbizwa na inzi," bibi anasema. "Mama yangu alikuwa anamjua huyo inzi tangu utoto. Alijua saa anazouma, alijua mahali pa kutopita na ng'ombe. Hakuna aliyemuuliza."

Maneno hayo niliyachukulia kama manung'uniko ya wazee hadi nilipokutana na vitabu viwili. Kimoja ni cha John Ford, Mwingereza aliyefanya kazi ya mbung'o Afrika kwa miaka mingi sana, kilichotoka mwaka 1971. Kingine ni cha Helge Kjekshus, Mnorwe aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cha mwaka 1977. Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wanasema kile alichokisema mama yake bibi. Kabla ya wakoloni watu hawakuwa wanaishi na mbung'o kwa bahati. Walikuwa wanapigana naye kila siku kwa jembe, kwa moto wa kiangazi, kwa mifugo inayotafuna vichaka, kwa kujua wapi mpaka wa shamba na pori uwe. Kisha miaka ya 1890 ikaja sotoka, ikaua ng'ombe na nyati bila hesabu. Nyuma yake ndui, funza, njaa, vita vya kuingia Mjerumani, halafu Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wakapungua, mifugo ikatoweka, moto haukuwashwa. Vichaka vikarudi, wanyama wa porini wakarudi haraka kuliko watu, na mbung'o akarudi pamoja nao.

Kwa hiyo Mwingereza alipofika akakuta pori na akadhani lilikuwapo siku zote. Hapo kuna kosa la kisayansi, si la kisiasa tu. Aliyepima alipima mwaka mmoja akafikiri amepima milele.

Ford anasifiwa na kubishiwa. Wapo wanaosema amewatukuza mno wazee wetu. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Malale yalikuwa yanaua kweli kweli, na katika makazi yale watu wengi pengine walipona kwa sababu walikuwa mbali na kichaka na karibu na mwenye dawa. Bibi mwenyewe hakatai hilo. Anachokataa ni ule ukimya.

Na ardhi walizoziacha? Pori lilizichukua. Ukitazama ramani leo, mashariki mwa Kibondo na Kasulu kuna bonde kubwa la Malagarasi na Moyowosi, lenye pori la akiba, na tangu mwaka 2000 ni eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu. Watalii wa uwindaji wanaliita nyika isiyoguswa. Siwezi kusema kila kipande chake kilikuwa kijiji. Ila nikisikia "isiyoguswa" namkumbuka mama yake bibi na migomba yake.

Halafu mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, tukahamishwa tena, safari hii kwenda vijijini, na serikali yetu wenyewe. Hiyo ni habari nyingine na ina wasimulizi wake. Niseme tu kwamba msomi mmoja wa Kimarekani, Julie Weiskopf, aliandika tasnifu ya udaktari juu ya kuhamishwa kwa watu wa Buha kuanzia 1933 hadi 1975, akaimalizia Chuo Kikuu cha Minnesota. Ukitaka kujua kwa undani namna bibi yako alivyohama, inabidi uanzie Minnesota. Nilicheka nilipoligundua hilo, kicheko kile kile cha darasani, ila safari hii kiliniuma.

Turudi kwenye damu.

Tangu mwaka 1902 wanasayansi walijua kitu cha ajabu. Alphonse Laveran, Mfaransa, alichukua maji ya damu ya binadamu akayaweka pamoja na tripanosoma wa nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe. Tripanosoma wakafa. Damu ya mtu ina sumu kwao! Ndiyo maana mbung'o wenye nagana wanaweza kukuuma toka Kasulu hadi Kibondo na usiugue, huku ng'ombe wako anakonda na kufa. Lakini kumbe kuna ndugu wa kijidudu hicho, anayefanana naye kama pacha hata ukitumia darubini, ambaye damu ya mtu haimfanyi kitu. Huyo ndiye rhodesiense. Amepata wapi ngao? Na je, akiishi muda mrefu ndani ya wanyama, ngao hiyo hupotea?

Swali hilo la pili si la kupitisha muda. Ngao ikipotea, basi mnyama wa porini si hatari kwa mtu na watu hawana haja ya kuhama. Isipopotea, kila pongo na kila ng'ombe ni ghala la malale.

Sasa sikiliza. Ukipanda basi la Dar kutoka Kasulu, ukapita Kibondo, Nyakanazi na Kahama, utafika njia panda iitwayo Tinde. Abiria hushuka kununua maji na karanga. Mimi nimepita hapo sijui mara ngapi bila kujua kwamba hapo Tinde ndipo palipofanywa mojawapo ya majaribio marefu kabisa katika historia ya ugonjwa huu. Lilianza mwaka 1934. Daktari J. F. Corson alichukua rhodesiense kutoka kwa mgonjwa, akawapitisha kwa njia ya mbung'o ndani ya kondoo na swala, mnyama hadi mnyama, mwaka hadi mwaka. Na kila baada ya muda ilibidi wajue: kijidudu hiki bado kinaweza kumshika mtu? Kulikuwa na njia moja tu ya kujua. Ni kumwachia mbung'o amuume mtu.

Watu hao makala zinawaita watu wa kujitolea. Jaribio lilichukua miaka 18. Jibu lilipatikana: ngao haipotei, kijidudu kilibaki na uwezo wa kumshika binadamu baada ya miaka yote hiyo ndani ya wanyama. Majina yaliyo juu ya makala ni Corson, Fairbairn, Burtt, Willett. Hao wengine walioutoa mkono wao uumwe, wakangoja homa, hawamo kwenye vichwa vya makala. Nilipomaliza kusoma nilikaa kimya pale maktaba kwa muda. Nilikuwa nimekula karanga pale Tinde wiki mbili kabla.

Kenya nako mwaka 1958 daktari Heisch na wenzake walitoa tripanosoma katika damu ya pongo huko Nyanza, wakamwambukiza mtu mmoja aliyejitolea, naye akaugua malale. Kwa mara ya kwanza ikathibitika kwamba mnyama wa porini anaitunza rhodesiense. Mwaka 1966 jina la kwanza katika makala likawa la Mwafrika, R. J. Onyango, wa kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kule Tororo. Yeye na wenzake walikuta kijidudu hicho hicho ndani ya ng'ombe wa kawaida huko Alego, Nyanza. Sio porini tena. Zizini. Nikiwaza makazi ya bibi, watu waliohamishwa wawakimbie wanyama wa porini, na ng'ombe wakaja nao...

Mambo ya kumuuguza mtu ili kujua yalikoma kuwa ya lazima mwaka 1970. Rickman na Robson walitoa njia nyepesi ambayo ingeweza kubuniwa na klabu yetu, nadhani: chukua vijidudu, viweke kwenye damu ya binadamu ndani ya kichupa kwa saa kadhaa, halafu mchome panya. Panya akiugua, kijidudu kimeishinda damu ya mtu. Asipougua, kimekufa kichupani. Rahisi hivyo, na ilichukua miaka 36 tangu Tinde ianze. Pengine kwa sababu wa kuumwa na mbung'o walikuwa hawakosekani.

Lile swali la kwanza, kuhusu ngao, lilingoja zaidi. Mwaka 1998 kundi la Etienne Pays huko Brussels lilithibitisha kwamba rhodesiense ana jeni moja ya ziada, waliyoiita SRA. Ukimwekea tripanosoma wa nagana jeni hiyo, naye anaanza kuistahimili damu ya binadamu. Jeni moja! Na mwaka 2003 kundi hilo hilo likaikamata sumu yenyewe iliyomo katika damu yetu. Ni protini iitwayo APOL1. Kijidudu huimeza kama chakula, ikafika kwenye mfuko wake wa kumeng'enyea, ikatoboa ukuta wa mfuko huo, mfuko ukavimba hadi kijidudu kikafa. Rhodesiense yeye ana ile protini ya SRA inayoikamata APOL1 na kuifunga mikono kabla haijatoboa kitu. Toka Laveran hadi hapo, hesabu mwenyewe, ni miaka 101.

Kisha ikaja sehemu iliyonifanya nisimame kwenye kiti. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa wanatafuta kwa nini Wamarekani Weusi wanaugua figo sana kuliko wenzao walikuta chanzo kimojawapo: maumbo mawili ya APOL1 yaliyobadilika, yaitwayo G1 na G2, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika. Ukirithi umbo hilo kwa baba na kwa mama, hatari ya figo inapanda. Lakini damu yenye maumbo hayo, ilipojaribiwa maabara, iliwaua rhodesiense. SRA inashindwa kuikamata. Tafiti za baadaye Uganda na Malawi zilionyesha kwamba wenye G2 hawapati malale ya rhodesiense kirahisi kama wengine. Ni hadithi ile ile ya selimundu na malaria: mwili umekubali deni upande huu ili uokoke upande ule. Vita vya mbung'o na mwanadamu vimeandikwa ndani ya damu, na ndugu zetu waliovushwa bahari utumwani walikwenda na maandishi hayo hadi kliniki za figo za Marekani.

Na dawa? Kwa miaka mingi, tangu 1949, mgonjwa ambaye kijidudu kimefika ubongoni alipewa melarsoprol, ambayo bado ilikuwa aseniki. Wagonjwa wanasema ni moto unaopita ndani ya mishipa. Iliua takriban mgonjwa 1 kati ya kila 20 waliotibiwa nayo, lakini bila hiyo walikufa wote. Kasulu na Kibondo walizijua sindano hizo vizuri. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wilaya hizi zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza kwa malale nchini, wagonjwa wakiwa warina asali, wavuvi wa Malagarasi, waokota kuni. Ni hivi juzi tu mambo yamebadilika. Desemba 2023 wakala wa dawa wa Ulaya ulikubali vidonge vya fexinidazole kwa rhodesiense, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaviingiza katika mwongozo wake. Vidonge vya kumeza, siku 10. Wagonjwa wenyewe sasa ni wachache mno kila mwaka nchini. Mbung'o, hata hivyo, hajaenda popote. Unguja ndiko alikomalizwa kabisa: madume waliofanywa tasa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, waliachiwa kwa ndege kuanzia 1994, na mbung'o wa mwisho akanaswa 1996. Kisiwa ni kisiwa. Kwetu hakuna bahari ya kuuzunguka Moyowosi.

Desemba iliyopita nilikwenda Kibondo. Bibi sasa haoni vizuri, ila masikio ni yale yale. Nikamwamkia, akaitika, nikamwambia, "Bibi, nimekuja na jibu la ile damu."

Akakumbuka papo hapo. Miaka yote hiyo!

Nikamweleza. Sikutumia neno APOL1. Nilisema katika damu kuna askari, na kijidudu fulani kina pingu za kumfunga askari huyo, na wapo watu ambao askari wao hafungiki. Nikamweleza vioo vile vilipelekwa kutazamwa kama kuna kijidudu, na kama kingeonekana wangemchoma dawa. Nikamweleza na habari za Tinde. Hapo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wale watu walipona. Nikamwambia sijasoma mahali palipotaja kilichowapata baadaye katika maisha yao, mmoja mmoja.

"Hao nao walikuwa na bibi zao," akasema.

Halafu, kama kawaida yake, akageukia lililo muhimu kwake. "Na ng'ombe je? Umesema ng'ombe hana askari. Hawajamtafutia?"

Nikafurahi, maana hilo pia nilikuwa nalo. Baadhi ya jamii za nyani wana APOL1 yao, kali kuliko yetu, ambayo rhodesiense hawezi kuifunga. Wanasayansi wa New York, Edinburgh na wale wa taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi wamekuwa na wazo la kuiweka jeni hiyo ya nyani ndani ya ng'ombe. Hatua ya kwanza ilikuwa kujifunza kutengeneza pacha wa ng'ombe kwa chembe zake, wakapata dume la Boran huko Nairobi, wakaliita Tumaini.

Bibi alinitazama kama nimemtania. "Nyani," akasema. "Huyu huyu anayemaliza mahindi yangu?"

"Ndugu zake, bibi."

"Wamchukue damu nyani, wampe ng'ombe." Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, ungo mapajani. "Haya. Na maziwa yake atayanywa nani kwanza? Au watatafuta tena watu wa kujitolea?"